Ngozi Niliyoichoma Basotu

Mwanangu Rehema,

Sikuulizi hali, maana nimekuona sasa hivi ukitoka getini na mama yako kwenda kanisani, kwaya ikuage. Nimewaambia mgongo unauma. Mgongo hauna neno. Nimebaki ili niandike haya kabla hamjarudi, kwa sababu kesho asubuhi unaondoka, na nikisema kwa mdomo nitaanza kupindapinda. Najijua.

Habari za chanjo, pasipoti, sweta na laini ya simu sizigusi. Mama yako amekwisha kukuambia mara saba, na ya nane atakuambia stendi. Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo tangu ulipozaliwa.

Jumapili iliyopita ulisimama mbele ya waumini ukashuhudia. Ulisema mama aliyekuzaa, Udahenda, alikuwa Mdatoga wa kwanza kubatizwa kule kwao karibu na Basotu. Ulisema watu wake walimfukuza kwa ajili ya Yesu, akajifungua peke yake, akafa. Ndiyo maana unakwenda Chad, kwa wale wafugaji wa ngamia ambao hakuna aliyewahi kuwaeleza Injili kwa lugha yao, ili giza lililomuua mama yako lisimuue na mama wa mwingine. Kanisa zima lililia. Mimi nikatoka nje. Mzee wa kanisa akanifuata, akanishika bega, akasema, "Lia tu, mwinjilisti, umelea shujaa." Kumbe sikuwa nalia. Nilikuwa najificha nyuma ya choo.

Rehema, hadithi ile nilikufundisha mimi, na si ya kweli. Aliyemuua mama yako ni mimi.

Soma mpaka mwisho kwanza. Ukimaliza, kasirika, una haki.

Nilikwenda kule nikiwa na miaka ishirini na saba, nimetoka chuo cha uinjilisti, kichwa kimevimba. Watu wetu wa hapa Tlawi walinisindikiza kwa nyimbo na debe la maharage. Tuliomba, "Bwana, wafikie Mang'ati." Unalijua jina hilo, hata leo watu wetu wanalitumia kama mtu anavyosema ng'ombe au mbuzi. Ni jina walilobandikwa na Wamasai, na maana yake ni adui. Basi mimi nilikwenda kuwapelekea watu upendo wa Mungu, na kila asubuhi katika maombi nikawaita maadui, kwa sauti, mbele yao. Wao walinijibu kwa adabu na kunikaribisha kivulini.

Mama mmoja mjane ndiye aliyetupa mahali pa kujenga, mimi na mama yako. Kila asubuhi alituletea kibuyu cha maziwa, na hakuwahi kuuliza tutaondoka lini. Huyo alikuwa bibi yako. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Gidamuna. Gidamuna ndiye baba yako mzazi. Hujawahi kulisikia jina hilo kinywani mwangu, na sababu yake utaiona.

Udahenda alikuwa mke wa Gidamuna. Kiswahili alikipata kwa kuwauzia maziwa vibarua wa mashamba ya ngano, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha matusi na hesabu, lakini alikitumia vizuri kuliko mimi. Siku ya kwanza alikuja akasimama mlangoni, fimbo mkononi.

"Huyo Yesu wako," akasema, "anatujua na sisi?"

"Anawajua wote."

"Kama anatujua, mbona amechelewa hivi?"

Nilicheka. Nikamwambia Mungu hachelewi. Mpaka leo sijapata jibu la swali lile, mwanangu, na wewe unakwenda kwa watu watakaokuuliza hilo hilo. Ukicheka kama mimi, panda ndege urudi.

Alikuwa mkalimani wangu miaka mitatu. Nilihubiri Kiswahili, yeye akageuza. Lugha yao niliiona ngumu, nikajua salamu na neno la maji basi. Akanitania siku moja: "Mwinjilisti, mimi nimejifunza lugha yako ili niuze maziwa. Wewe unauza nini kisichohitaji lugha yangu?" Tulicheka wote, na mimi sikujifunza. Sikujua hata anachowaambia watu. Baadaye sana bibi yako alinieleza kwamba Udahenda hakuwa anatafsiri mahubiri yangu kabisa. Nilikuwa nagomba, nafoka juu ya mizimu na pombe, na yeye alikuwa anawasimulia habari za Yesu taratibu, kwa namna yao, akimwita Mungu kwa jina walilolijua tangu utotoni, Aseeta. Ndiyo maana watu walikuwa wanarudi. Mimi nikadhani wanarudi kwa ajili yangu.

Sasa nakuja kwenye ngozi. Umewaona wanawake wa Kidatoga mnadani, wale wazee, wamevaa sketi ya ngozi yenye vipande virefu vinavyogusa miguu. Wanaiita hanang'weenda. Sisi Wairaqw tukiiona tunasema nguo za kienyeji, tunapita. Kwao ile ni ndoa, ni kizazi, ni heshima ya mwanamke mbele za Mungu. Aliyeolewa haivui mbele ya watu. Nilielezwa hayo. Nisikudanganye kwamba sikujua. Nilijua vizuri, nikaona ni upuuzi.

Ubatizo ukapangwa. Wageni wangekuja na magari kutoka makanisa yaliyonituma, na kamera. Nilitaka waone kazi. Nikashonesha kanzu nyeupe. Udahenda alikuwa na wewe tumboni, mimba ya miezi saba.

"Nitaivaa kanzu juu ya ngozi yangu," akasema.

"Hapana. Ngozi ni ya zamani. Unaingia majini mtu mpya."

"Mwinjilisti, nina mtoto tumboni. Siwezi kukaa wazi."

"Unamwamini Yesu au unaamini ngozi?"

Mama yako akanivuta pembeni, akanisihi, "Baba, mwache mtoto wa watu. Hii si nguo tu." Nikamfokea mbele ya wageni. Mama yako naye alikuwa mjamzito siku zile, wa miezi kama hiyo hiyo, na alikwenda kukaa kivulini mwa gari peke yake.

Udahenda akaenda kwenye matete ya Ziwa Basotu, akaivua, akaikunja, akanipa mkononi. Alinipa nimtunzie. Nataka uelewe hapo: alinipa nimtunzie. Mchungaji aliyekuja na wageni akaingia naye majini, na mimi nyuma yao nikamwaga mafuta ya taa, nikaichoma mbele ya kamera. Wageni wakapiga makofi, haleluya juu ya haleluya. Udahenda akatoka majini, maji yanamchuruzika, akauona moshi. Akatazama moto, halafu akanitazama mimi, halafu akainama akaanza kukusanya majani marefu akijifunika mbele. Picha ya siku ile ipo. Ndiyo ile iliyoko sebuleni, mama yako mzazi na kanzu nyeupe ameinama. Umekua ukiambiwa anaomba.

Siku ya tatu wanawake walikuja. Kule wanawake wana baraza lao, na mwanamume aliyewakosea hana pa kujificha, hata awe nani. Walikaa nje ya nyumba yangu na fimbo zao, wengi, wakiimba. Nilikuwa na spika ya betri ya gari. Nikafunga mlango, nikawasha nyimbo za injili kwa sauti ya mwisho. Wakaimba mpaka betri yangu ikaisha, na baada ya hapo wakaendelea.

Jioni bibi yako akaja peke yake. Akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Leta dume jeusi moja. Omba radhi. Sisi tutamshonea ngozi ingine. Yataisha." Hivyo tu, Rehema. Na akaongeza kwamba yule Yesu abaki, hana ugomvi na mtu. Dume nilikuwa naye, alikuwa zizini Tlawi, mweusi tii. Nikamjibu kwamba sitoi ng'ombe kwa mizimu.

Mpaka niombe radhi naye ashonewe ngozi nyingine, Udahenda hakuweza kulala kwa mumewe wala kuchota maji pamoja na wenzake. Akalala kwenye kanisa letu la udongo. Akaenda kwa wazazi wake upande wa Gitting, nao wakamwambia arudi yakimalizwa. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walikuwa wananisubiri mimi. Kijiji kizima kilikaa kinamsubiri mtu mmoja aseme samahani, na mtu huyo alikuwa ndani anaandika taarifa ya mateso kwa ajili ya Injili.

Kisha mama yako akaanza kuvuja damu. Nikamchukua, tukarudi Tlawi na lori la ngano. Udahenda nilimwambia, "Kaa hapa kanisani, wiki moja tu, nakuja kukuchukua na gari." Mama yako akajifungua mtoto mfu, Yohana, tukamzika karibu na uzio. Wiki ikawa tano. Ningeweza kwenda. Nilikuwa nafiwa, ndiyo, lakini pia nilikuwa naogopa kuwaona wanawake wale, na hofu ilikuwa kubwa kuliko msiba.

Nilipofika na gari la kuazima, mama yako mzazi alikuwa amejifungua siku iliyotangulia. Hakuwa peke yake kama ninavyosimulia makanisani. Bibi yako alikuwa amevunja katazo la wanawake wenzake, ameingia, amekata kitovu chako, amekupaka siagi, amekaa naye usiku na mchana. Damu ndiyo iliyokataa kukatika. Tulimpakia nyuma ya gari pamoja na wewe kwenda hospitali. Njiani alinishika mkono wa shati.

"Yesu alinipokea," akasema. "Pale majini alinipokea. Wewe ndiye uliyekataa kunipokea na nguo yangu."

Halafu akasema, "Mtoto usimwambie watu wangu ni wabaya."

Akafa kabla hatujaona bati la hospitali. Mimi nilikuwa namtazama dereva kama amesikia.

Mama yako alikuwa na maziwa na hana mtoto. Akakupokea. Hilo peke yake katika habari hii halina doa, na ni lake, si langu.

Na neno la mwisho la marehemu, ndilo nililolivunja kwanza. Nilizunguka makanisa, Mbulu, Karatu, mpaka mjini, nikisimulia binti aliyekufa kwa ukatili wa watu wake. Nilikuwa nakubeba wewe mikononi nikisimulia. Watu wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka ishirini na minne na ilikuwa na makofi njia nzima.

Bado kuna moja. Ulipokuwa na miezi miwili, Gidamuna alikuja Tlawi kwa miguu. Siku mbili njiani, na ndama wa kukupa wewe. Alisimama pale getini, akanisalimia vizuri, akaomba kumwona mtoto wake. Kwa haki yao na kwa haki yetu pia, ulikuwa wake. Wewe ulikuwa ndani, umelala mgongoni kwa mama yako. Nikamwambia mtoto alimfuata mama yake.

Akauliza, "Kaburi liko wapi?"

Nikamwonyesha kaburi la Yohana.

Akakaa pale chini. Aling'oa majani mabichi akayaweka juu ya udongo, akaongea nalo kwa lugha yake mpaka jua likashuka. Mama yako aliona yote kupitia dirisha la jikoni. Hakunisema. Ila tangu siku ile hajaimba kwaya, na mnapomwuliza anasema sauti imeharibika. Gidamuna alipoondoka alituachia yule ndama, eti akikua atunyweshe maziwa sisi tuliofiwa.

Yu hai, Rehema. Nilimwona mwaka huu mnadani Basotu, ana mvi. Akanijia, akauliza kama kaburi linapaliliwa. Nikasema linapaliliwa. Bibi yako yeye alifariki masika yaliyopita, na sitasema neno la kujitetea juu ya hilo.

Utaniuliza, sasa baba, unaniambia nisiende? Hapana. Juzi shemasi mmoja alinidaka sokoni, akaniambia enzi za wamisionari zimekwisha, siku hizi kuna simu, hao watu wa jangwani watajisikilizia wenyewe, kwa nini kumpoteza binti huko? Nilikaribia kumkubalia, ili ubaki na mimi nisiandike barua hii. Lakini nikamkumbuka Gidamuna. Kule sasa kuna kakanisa. Sikulianzisha mimi. Lilianzishwa na bibi yako, kwa yale aliyoyasikia kwa Udahenda, na wanawake wanaingia na ngozi zao, wanakaa mbele. Gidamuna hukaa benchi la nyuma kabisa. Hajabatizwa. Siku ile ya mnada nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Nasubiri mtu anieleze yule mke wangu aliona nini majini. Alikuwa anafurahi kabla hajageuka."

Hakuna simu itakayomweleza mtu jambo hilo. Anataka mtu akae naye, anywe maziwa yake, ajue lugha yake mpaka utani, na awe tayari kuulizwa mbona mmechelewa. Huko Chad wapo akina Gidamuna ambao hakuna aliyewahi hata kukosea nyumbani kwao, maana hakuna aliyekwenda. Hilo linaniuma kama lile lingine. Mimi niliharibu, asiyekwenda kabisa hakuharibu, lakini swali la Udahenda lingebaki bila hata wa kulicheka. Nimeyapima haya miaka yote na sijui kama nina haki ya kuyasema. Nimeyasema.

Ila usiende na hadithi yangu. Ukienda umebeba giza la Wadatoga, utawatafutia na hao wengine giza lao, na mtu akitafuta hakosi. Utaona nguo, utaona kikombe, utaona namna wanavyozika, na mkono utakuwasha kutafuta kiberiti. Wewe umesomea lugha, unanizidi mbali. Lakini kuharibu hakuhitaji ujinga. Mimi nilikuwa nimeelezwa.

Jumapili nitasimama pale pale uliposimama, nitasema haya yote. Mama yako anajua. Nimemwambia leo asubuhi, akasema, "Ungesema mapema ningekuwa nimekusamehe," akaendelea kupepeta maharage. Wakinivua uinjilisti, wavue.

Kesho asubuhi stendi ya Mbulu kutakuwa na mabasi mawili yanayokuhusu. Moja linakwenda Arusha, kwenye ndege yako. La pili linakwenda Haydom, na ukishuka pale utapata magari ya Basotu. Ulizia kwa Gidamuna kwenye kakanisa, watakuonyesha. Ndege zipo nyingine. Mtu mwenye mvi ni mmoja. Lakini sikuchagulii. Nimekwisha kukuchagulia vya kutosha. Ukienda kwake, mwambie yule aliyemlilia getini kwangu alikuwa Yohana, mwanangu, na kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kumlilia vile.

Nasikia mnarudi, mama yako anafungua geti. Barua naiweka juu ya begi lako. Asubuhi ukitoka chumbani ukanipita bila shikamoo, sitakuuliza. Nitalibeba begi, nitembee nyuma yako mpaka stendi, na nitalipakia kwenye basi utakalonionyesha kwa kidole.

Niliyekulea,
Baba